Maswali na Majibu: Wakisema ni kebo ya baharini, tutajuaje?

SWALI: Salaam aleikum, mhandisi. Nauza simu na vifaa vyake hapa Mombasa, na hili naulizwa dukani kila mara. Juni 2024, siku ya maandamano ya Mswada wa Fedha, intaneti ilishuka jioni. Siku moja kabla, Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imesema haina nia ya kuizima. Halafu tukaambiwa ni kebo mbili za chini ya bahari. Wateja wangu walicheka. Mimi sikujua nicheke au niamini. Nina binamu Tanga, naye aliniambia X (zamani Twitter) haifunguki kwake bila VPN, na kuna mtu amemwambia eti ni mtandao tu unasumbua. Je, mtu wa kawaida mwenye simu tu anaweza kutofautisha kebo iliyokatika na mtandao uliozibwa? Na ile programu ya OONI Probe, ya kupima kama tovuti imezibwa, ni salama kuitumia?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Namna ipo, na ya kwanza haitaki utaalamu wowote. Nianzie Tanga, maana huko jibu ni jepesi.

VPN, yaani programu inayoficha safari ya data yako na kuipitisha kwenye seva ya kwingine, haina kebo yake. Binamu yako akiiwasha, data ya simu yake inapita mnara uleule, kwa mtoa huduma yuleyule, kwenye mkongo uleule, na inatoka nchini kwa kebo zilezile za baharini. Kinachobadilika ni kwamba walio katikati hawaoni tena anaelekea tovuti gani. Sasa kama X inagoma bila VPN, na dakika hiyohiyo inafunguka akiwasha VPN, kebo ni nzima. Daraja la Nyali likivunjika hakuna gari litakalovuka. Ukiona matatu zinapita na bodaboda zinarudishwa, jua hapo pana askari.

Mafundi wenzangu watanirukia nisipotaja tahadhari hii: mara chache njia ya kuelekea huduma fulani huharibika kwa mtoa huduma mmoja, na VPN ikaikwepa kwa kuzunguka. Kwa hiyo ajaribu laini za kampuni mbili tofauti. Zote zikigoma kwenye tovuti ileile moja huku kwingine kote kunafunguka, habari ya hitilafu imekwisha.

Kwa Tanzania hata hatuna haja ya kupima sana. X ilizibwa Mei 2025, baada ya akaunti ya Jeshi la Polisi kudukuliwa na kurushiwa habari za uongo, na Jerry Silaa, waziri wa mawasiliano wa wakati huo, baadaye akaeleza hadharani kuwa sababu ni maudhui ya ngono yanayoruhusiwa kule. Sababu hiyo unaweza kuikubali au kuikataa, lakini anayemwambia binamu yako kuwa ni mtandao tu anambishia waziri mwenyewe.

Tuingie ndani kidogo. Zipo njia kadhaa za kuziba. Ya kizamani ni kupitia DNS: simu inauliza x.com iko anwani gani, na seva ya mtoa huduma inajibu kuwa hakuna kitu kama hicho, au inatoa anwani ya uongo. Hiyo mara nyingi unaikwepa kwa kubadilisha DNS kwenye mipangilio ya simu. Vifaa vya siku hizi vinasoma jina la tovuti lenyewe. Hata ukiona ile alama ya kufuli kwenye kivinjari, simu inapofungua mazungumzo na seva kwa kawaida huanza kwa kulitaja jina la tovuti waziwazi, kabla ya usimbaji kuanza. Kifaa kilichokaa katikati kinalisikia, kinatuma ujumbe wa kukata mazungumzo kana kwamba umetoka kwa seva, na Chrome inakuandikia ERR_CONNECTION_RESET. Au kinanyamaza tu, vipande vya data vinamezwa, ukurasa unazunguka mpaka unachoka. Kebo haijui majina ya tovuti. Ikikatika haichagui X ikaiacha Facebook.

Kinachotutesa sisi wapimaji ni kubana kasi, kwa sababu kunafanana kabisa na ule mtandao mbovu tuliouzoea, na ndiyo maana anayetaka kukana huipenda njia hii. Urusi imetupa mifano miwili mizuri. Machi 2021 ilitangaza kuibana Twitter. Kanuni iliyowekwa kwenye vifaa ilikuwa inatafuta herufi t.co, jina la viungo vifupi vya Twitter, na ikabana kila jina lenye herufi hizo ndani yake. Isome microsoft.com polepole, utaikuta t.co imekaa katikati. Reddit.com vivyo hivyo. Zote zikawa nzito, na hapo hata mtu asiyejua Kirusi aliona kuwa kuna kifaa kinasoma majina, tena kinayasoma vibaya.

Mwaka 2024 zamu ikawa ya YouTube, na safari hii maelezo yakawa ya kifundi: seva za Google zilizoko Urusi zimechakaa kwa kukosa matunzo. Google ikasema tatizo haliko upande wake. Mbunge Alexander Khinshtein akalitoboa, akisema kushuka kwa kasi ni hatua ya makusudi dhidi ya kampuni hiyo. Hapa kipimo cha VPN peke yake hakitoshi, maana VPN ingekupeleka kwenye seva za nje na ungezikwepa zilizochakaa pia, kama kweli zingekuwa zimechakaa. Mafundi wa huko walifanya jambo la akili zaidi. Walichukua seva ya kawaida ya kupimia kasi, isiyo ya Google na iliyo ndani ya Urusi, wakapakua faili kwake: mbio. Wakarudia kwa seva ileile, ila safari hii simu ilipofungua mazungumzo ikataja jina la googlevideo.com, linalotumika kwa video za YouTube. Upakuaji ukatambaa. Seva ya mtu mwingine kabisa, isiyo na uchakavu wowote, imekuwa nzito kwa kuitwa jina tu. Baada ya kipimo kama hicho sijui mtu anabaki kubishia nini.

Sasa Juni 2024. Jumatatu tarehe 24, Mamlaka ya Mawasiliano, kwa saini ya mkurugenzi mkuu wake, David Mugonyi, ilisema haina nia yoyote ya kuzima intaneti wala kuvuruga ubora wake. Jumanne tarehe 25, siku waandamanaji walipoingia Bungeni, vipimo vya NetBlocks na Cloudflare, wanaofuatilia intaneti duniani, vilionyesha mtandao wa Kenya umeshuka, na NetBlocks ikasema Uganda na Burundi nazo zimeguswa. Safaricom ikawaandikia wateja kwamba kebo zake mbili za chini ya bahari zina hitilafu na kwamba njia za akiba zimewashwa. Kebo zenyewe hazikutajwa majina kwenye ujumbe huo.

Habari ya Uganda na Burundi hutajwa sana kama ushahidi kuwa ni kebo kweli. Mimi siioni hivyo. Nchi hizo hupata sehemu ya intaneti yake kupitia Kenya, kwa hiyo lolote linaloipata mitambo ya hapa, la ajali au la makusudi, linaweza kuzifikia. Vilevile, wanaosema ni uongo kwa sababu huduma ilirudi haraka, nao wanakimbilia. Huduma kurudi na kebo kupona ni mambo mawili. Mtoa huduma akihamishia mzigo kwenye kebo nyingine, wateja wanarudi hewani na ile iliyokatika bado imelala chini. Na kuna hitilafu ambazo haziko baharini kabisa: umeme wa kituo ambako kebo inatua pwani, au nyuzi za nchi kavu kati ya Mombasa na Nairobi. Hizo hutengenezwa kwa saa.

Kuna na mtuhumiwa wa tatu ambaye watu humsahau, yaani msongamano. Maelfu ya watu wamejaa katikati ya Nairobi, kila mmoja anarusha video moja kwa moja kwa minara ileile michache. Mnara ukielemewa unafanana na mtandao uliobanwa. Huu kuutambua ni rahisi: unakaa eneo moja. Mtu wa Ukunda mwenye intaneti ya nyuzi nyumbani hawezi kuumia kwa sababu ya msongamano wa Kenyatta Avenue.

Ukitaka nikuambie kilichotokea siku ile, vipimo vya nje vinathibitisha kuwa mtandao ulishuka na saa ulioshuka. Havionyeshi nani aliagiza, wala kama kuna aliyeagiza. Lakini swali lako, nicheke au niamini, nalijibu kwa njia nyingine: kebo iliyokatika huacha karatasi, na anayesema kweli anazo.

Linganisha na wiki sita kabla ya hapo. Tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Tulipewa majina ya kebo, tukaambiwa eneo, tukajua meli ya ukarabati ni Léon Thévenin inayokaa Cape Town. Tanzania, Malawi, Msumbiji na Madagaska ziliumia siku hiyohiyo. Hakuna aliyehitaji kuamini neno la serikali yoyote, kwa sababu kebo ni mali ya wengi: EASSy ina kundi la makampuni ya nchi nyingi, na kila mmoja hupata taarifa ya hitilafu yenye saa na umbali kutoka kituo. Mombasa peke yake inaingiza TEAMS, SEACOM, EASSy, LION2, DARE1 na PEACE. Mbili zikianguka jioni moja, wanaojua ni wengi, na wengi wao hawamjui hata Mugonyi ni nani.

Kwa hiyo mteja akikuuliza tena, mpe maswali ya kuuliza badala ya jibu. Kebo gani? Sehemu gani? Mwenye kebo amesema nini? Njia ya akiba ilikuwa ipi na mbona haikubeba mzigo? Kampuni yoyote ya simu ina majibu hayo kwenye kompyuta ya chumba cha uangalizi, na kuyatoa hakuwagharimu chochote. Wakikaa kimya, kuwatilia shaka ni haki ya mteja anayelipa bando.

Shaka hiyo pia haikutoka hewani. Telegram ilizibwa Kenya wakati wa mitihani ya KCSE 2023, na tena 2024, ambapo Mamlaka yenyewe iliwaandikia watoa huduma ikiwaagiza. Uwezo upo, na mkono wa kuutumia umeshaonekana. Jirani zetu Uganda mwanzoni mwa Januari 2026 waliambiwa na serikali kwamba habari za kuzimwa intaneti wakati wa uchaguzi ni uongo wa kutia watu hofu. Tarehe 13 Januari, siku mbili kabla ya kupiga kura, tume yao ya mawasiliano ikaagiza intaneti izimwe kuanzia saa kumi na mbili jioni. Aliyeyaona hayo, ukimwambia hatuna nia, atachaji simu na kutoa pesa taslimu mapema.

Kipimo kingine cha simu, kwa siku intaneti yote inapokuwa nzito: jaribu vya nyumbani na vya mbali. Kebo za nje zikikatika, vilivyo ndani ya nchi hubaki na kasi yake, kwa kuwa watoa huduma wetu hubadilishana data kwenye kituo cha KIXP bila kuvuka bahari. Ila chagua vizuri, kwa sababu tovuti nyingi za .ke zinakaa kwenye seva za Ulaya. Programu ya ping itakuambia: seva ya nyumbani hujibu kwa milisekunde chache, ya London huchukua kama 150 hivi, na njia ikilazimika kuzunguka Afrika Kusini namba hiyo inapanda, maana hata nuru kwenye nyuzi hukimbia kilomita kama 200,000 tu kwa sekunde. Ukiona namba imepanda kwa tovuti zote za nje sawasawa, hiyo ni tabia ya kebo. Ukiona London inajibu kama kawaida huku picha za WhatsApp hazishuki, shuku mkono wa mtu.

Kuhusu OONI Probe: ni programu ya kweli, huru, na matokeo yake yanachapishwa wazi kwa kila mtu. Haichapishi jina lako, ila nchi, mtandao uliotumia na wakati vinaonekana. Hatari iko kwingine. Kipimo chake cha tovuti kinagusa orodha ndefu, zikiwemo za siasa, haki za binadamu na ngono, na mtoa huduma anaweza kuona kuwa simu yako imezigusa. Kwa Kenya mimi naitumia bila wasiwasi. Kwa binamu yako ningemshauri aiache ile orodha ndefu na apime tu programu za ujumbe, WhatsApp, Telegram, Signal, au aandike mwenyewe anwani ya tovuti moja anayoitaka. Ajue pia kuwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilitaka watumiaji wa VPN wajiandikishe tangu Oktoba 2023. Na akitaka kupima aizime VPN kwanza, la sivyo atakuwa anapima mtandao wa nchi aliyoichagua humo, si wa Tanga.