Barua kwa Mwanangu: Kwa Nini Tulikawia Kuruka

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia salama, na swali lako limenikaa moyoni: ikiwa binadamu amewaona ndege tangu kuumbwa kwake, kwa nini akawie mpaka mwaka 1903 ndipo aruke kwa chombo chenye mabawa na injini? Naamini alikawia kwa sababu alikodolea macho mabawa yanayopigapiga, akayasahau mengine.

Mfikirie Abbas ibn Firnas, mwanazuoni wa Andalusia, yaani Hispania iliyotawaliwa na Waislamu, aliyeishi Córdoba katika karne ya 9. Mwanahistoria al-Maqqari, aliyeandika zaidi ya miaka 700 baadaye, anasimulia kwamba alijivika manyoya, akajifunga mabawa, akajirusha hewani na kwenda mbali kiasi, lakini alipotua aliumia vibaya mgongo, kwa kuwa hakutambua kwamba ndege hutua kwa msaada wa mkia, naye hakujiwekea mkia. Katika karne ya 11, mtawa Eilmer wa Malmesbury, huko Uingereza, aliruka kutoka mnarani, akaanguka na kuvunjika miguu yote miwili. Naye alisema kosa lake lilikuwa kusahau mkia. Kila nikiwakumbuka watu hawa wawili, ambao hawakujuana wala hawakuwa wa dini moja, nawaonea huruma na kuwaheshimu, kwa maana somo walilipata kwa maumivu ya miili yao wenyewe.

Hata Leonardo da Vinci, aliyewachunguza ndege kwa makini mno, alichora mashine nyingi za kupiga mabawa kwa nguvu za mikono na miguu. Mwaka 1680 kilichapishwa kitabu cha Giovanni Borelli, Mwitaliano aliyeonyesha kwamba misuli yetu ni dhaifu mno kwa uzito tulio nao. Puto la hewa moto liliwapaisha watu wawili Paris mwaka 1783, lakini hilo lilikwenda lilikopelekwa na upepo.

Aliyelifungua fundo ni George Cayley, Mwingereza. Mwaka 1799 alichora kwenye kibamba kidogo cha fedha: upande mmoja kani zinazolikabili bawa lililotulia, upande wa pili chombo chenye bawa lisilopigapiga na mkia nyuma yake. Alikuwa ameyatenganisha mambo mawili ambayo ndege huyafanya kwa bawa lilelile, yaani kuinuka na kujisukuma mbele. Ndugu Wright, Wamarekani walioruka mwaka ule wa 1903, waliijenga kazi yao juu ya wazo hilo, na chombo cha namna hiyo sisi Waswahili tukakiita ndege, ingawa hakipigi mabawa.

Utakapokuja likizo tutakwenda ufukweni asubuhi, wavuvi wanapopara samaki. Mtazame mwewe anavyoelea juu yao, mabawa yametulia kabisa, huku mkia wake wenye panda ukijipinda kidogo kushoto, kidogo kulia, kabla hajashuka kunyakua matumbo ya samaki.

Ni mimi mama yako akupendaye.