Kabla ya kujumlisha namba za wasomaji, ulizaneni mnahesabu nini

Mkuu, umesema kitabu chenu cha uvuvi kinapatikana bure sehemu tatu: seva ya chuo, na majukwaa mawili ya vitabu mtandaoni, OAPEN na JSTOR, na mfadhili anataka namba moja ya upakuaji. Usijumlishe kwanza. Niko maktaba hapa Mwanza, na kosa hilo nimeshalifanya.

Namba za seva yetu zilikuwa kubwa, tukafurahi, tukaziweka kwenye ripoti. Baadaye tulipofungua kumbukumbu za seva tukakuta mistari na mistari ya roboti za kutafutia, yaani programu zinazopekua mtandao zenyewe, zimepita usiku kucha, sekunde chache chache. Watu walikuwa wachache. Ripoti ilishakwenda, na iliniuma.

Pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba dagaa wanauzwa kwa gunia, kwa ndoo, kwa kisado. Mtu akikwambia "leo nimeuza thelathini" lazima umuulize thelathini zipi. Kwenye vitabu kipimo cha pamoja kipo, kanuni za COUNTER, shirika linaloweka namna moja ya kuhesabu matumizi ya vitabu na majarida ya mtandaoni: roboti zinaondolewa, na anayebofya kitabu kilekile mara mbili ndani ya sekunde 30 anahesabiwa mara moja. Lakini penye mtego hasa ni kwenye sura. JSTOR hutoa kitabu sura kwa sura, kwa hiyo msomaji mmoja akifungua sura kumi, zinaandikwa kumi. Kwenye seva ya chuo chenu anachukua PDF nzima, inaandikwa moja. Ombeni ile hesabu ya kitabu kizima kwa kila kikao cha msomaji, yaani kila mara anapoingia, hata akifungua sura ngapi; COUNTER wanayo. Na mtambulishe kitabu kwa DOI, namba ya kudumu ya kitabu mtandaoni, maana PDF na EPUB (muundo mwingine wa faili la kitabu) huwa na ISBN tofauti.

Halafu, ninyi na majukwaa hayo, msitumiane kumbukumbu ghafi za seva. Zina anwani za IP za watu, yaani namba za vifaa vyao mtandaoni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ilianza kutumika Mei 2023. Peaneni jumla za mwezi na za nchi, na mwandikiane mapema nani atazitumia na kwa kazi gani. OA Book Usage Data Trust, mradi wa kimataifa wa takwimu za matumizi ya vitabu vya bure mtandaoni, wanajenga utaratibu wa namna hiyo kati ya wachapishaji, maktaba na majukwaa; wafuatilie.

Jambo jingine. Mwanafunzi wa mwaka wa pili alinionyesha simu yake: kitabu chetu kiko kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Mmoja alikipakua kwa Wi-Fi ya maktaba, wengine wakakipata kwake, hata wa kisiwani Ukerewe aliyekuwa likizo. Kwenye seva hao wote ni mtu mmoja. Usiwabunie namba, waandike kwa maneno, chini ya jedwali la namba kwenye ripoti.