Sekondari ya kata Nansio, kwa binti wa kidato cha kwanza

Dada, kwa swali lako la kuhamia Nansio, kisiwani Ukerewe kwenye Ziwa Victoria, na binti au kumwacha Mwanza kwa shangazi yake: mimi ningehama naye. Ada ilifutwa 2016, ila sare, madaftari na mchango wa chakula ni juu yako. Hapo kwenye chakula ulizia kweli, wanapika makande au hawapiki? Mtoto wa kutwa akikaa na njaa mpaka saa tisa, hesabu haziingii.

Matokeo ya NECTA, Baraza la Mitihani, yako wazi mtandaoni shule kwa shule. Angalia hesabu na fizikia, ndiko upungufu wa walimu unakoonekana haraka. Halafu panga nyumba karibu na shule, usidanganywe na kodi nafuu ya mbali.

Jambo la ziwani ni dagaa. Giza la mwezi likiingia, taa za wavuvi zinawaka majini usiku kucha, na wanafunzi wengine wako huko; asubuhi utakuta madawati ya nyuma, hasa ya wavulana, matupu au yana wanaosinzia. Walimu wanalijua hilo.

Kama alisoma msingi kwa Kiswahili, mwanzishie Kiingereza sasa, kabla ya Januari.