Ukiangalia Paprika usihangaike kutafuta ndoto inaishia wapi

Kila nikimshauri mtu aangalie muvi ya Paprika ananirudia na swali lile lile, sasa pale ilikuwa ndoto au kweli? Ukimdadisi unakuta muda wote alikuwa anasimamisha na kurudisha nyuma ili atenganishe kipi ni kipi, mwisho kachoka kaizima. Wadau msiiangalie hivyo jamani.

Ni anime, yaani katuni ya Kijapani, ya 2006, dakika 90 hivi, ya mwongozaji marehemu Satoshi Kon na studio ya Madhouse, imetokana na riwaya ya Yasutaka Tsutsui. Kuna kifaa kinaitwa DC Mini kinamwingiza daktari kwenye ndoto ya mgonjwa, kinaibiwa kabla hakijawekewa ulinzi, na mwizi anaanza kupenyeza ndoto za mtu mmoja kwenye vichwa vya wengine wakiwa macho kabisa.

Ushauri wangu, mshike mpelelezi Konakawa, anayetibiwa ndoto zake kwa hicho kifaa. Wengi wanamganda Paprika mwenyewe, yule binti anayeingia kwenye ndoto za watu, sawa ndo staringi na anavutia, ila anabadilika kila saa, ukimfuata yeye tu utapotea. Konakawa ana kitu kimoja kinachomtafuna. Muvi inaanza ndani ya ndoto yake, yuko kwenye sarakasi, mara yuko msituni kama Tarzan, mara kwenye treni anakabwa, halafu anaishia kwenye korido, mtu kapigwa risasi na sakafu inajikunja kila akikimbia hafiki. Hiyo korido iweke kichwani, itarudi. Halafu anakwambia hapendi sinema wakati ndoto zake ni sinema tupu, hapo ndo pa kujiuliza.

Kingine angalia Kon anavyounganisha picha. Hakuna ukungu wala mlio wa kukuambia tumeingia ndotoni. Dokta Shima, mkuu wa maabara ya DC Mini, anaongea vizuri tu na wenzake, sentensi inaanza kupinda, maneno hayaeleweki, ghafla anakimbia na kuruka dirishani. Chiba, daktari ambaye Paprika ni sura yake ya ndotoni, anaruka uzio kumbe yuko ghorofani kwenye kingo za baraza, bado kidogo adondoke. Mimi napapenda hapo kuliko pote maana unachanganyikiwa pamoja naye, sekunde ile ile, na ukisimamisha umeshaharibu.

Vaa hedifoni, lile gwaride la mafriji, vyura na midoli lina muziki wa Susumu Hirasawa na spika ya simu inaumaliza wote. Chagua Kijapani na subtaito. Watoto wasiwepo, kuna kipande cha Osanai, mtafiti mwenzake Chiba, na Paprika ambacho ni unyanyasaji wa mwili kabisa, hata mtu mzima kinamkaba.

Mwishoni Konakawa akifika kwenye jumba la sinema soma mabango, ni muvi za Kon mwenyewe. Alifariki 2010 akiwa na miaka 46 na muvi ndefu kaacha nne tu, kwa hiyo zote unazimudu. Ukitoka hapo nenda Millennium Actress ya 2001 kwanza, Perfect Blue ya 1997 iache hadi siku umetulia, ile ni nzito sana.