Noti moja ndefu ya Si, kabla ya wimbo wowote

Juma lililopita binti mmoja wa Likasi aliniandikia. Aliona video yangu nikipuliza saksafoni kwenye harusi huku Lubumbashi, mtaa wa Kamalondo, na sasa anataka kuuza simu yake anunue ya kwake. Ananiuliza kama midomo yake minene itamzuia, na kama mwanamke anaweza kufika mbali na chombo hicho. La midomo halina shida: haimzuii mtu. La pili limeninyima usingizi, kwa sababu najua linatoka wapi.

Mimi ni fundi wa kushona, ninakaa Katuba. Saksafoni iliniingia kupitia redio ya baba. Yeye alikuwa mtu wa OK Jazz, lile kundi la rumba la Kinshasa, na Verckys Kiamuangana akianza kupuliza, nyumba nzima ilitakiwa kunyamaza. Verckys aliingia OK Jazz mwaka 1963, akatoka 1969 na kuanzisha kundi lake, Vévé. Kwa baba, muziki ulikuwa ni ile miaka. Uliokuja baadaye aliuvumilia tu. Alitusimulia pia Isaac Musekiwa, aliyetoka nchi tunayoiita leo Zimbabwe, na Manu Dibango wa Kamerun, aliyefika Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1961 kupiga na African Jazz, kundi la Grand Kallé. Majina ya wanaume watupu. Baba hakunikataza hata siku moja, lakini nilikua bila kuona mwanamke ameweka mdomoni beki, kile kipande cha saksafoni cha kupulizia.

Pesa za kushona sare za shule ndizo zilizoninunulia alto ya mtumba, saksafoni ndogo kuliko tenori, iliyopitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Anza na alto, mdogo wangu. Najua wengi mnataka tenori kwa sababu ya ile sauti nzito ya rumba, lakini alto ni nyepesi shingoni na vidole vifupi vinaifikia. Kabla ya kulipa, iingize kwenye chumba chenye giza, teremsha taa ndogo ndani ya bomba lake, kisha bonyeza vitufe kimoja kimoja. Ukiona mwanga unapenya pale tundu lilipofunikwa, basi ile ngozi ya kufunikia imechoka na hewa itavuja. Utapuliza hadi kizunguzungu ukidhani huna pumzi, kumbe ni chombo. Na simu usiuze. Utaihitaji kwa programu ya kupima sauti.

Sasa shika hili, maana ndilo ninalolijua kuliko yote: sauti ndefu. Kwanza beki peke yake, bila chombo. Mdomo wa chini ukunje kidogo juu ya meno ya chini, meno ya juu yakae juu ya beki, pembe za mdomo zibane, mashavu yasivimbe. Ukiitia beki kwenye chombo, bonyeza kwa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto tu. Hiyo ni noti ya Si. Ongeza cha kati, ni La. Ongeza cha pete, ni Sol. Kaa hapo. Puliza Si moja mpaka pumzi iishe, sauti isitetemeke, isipande, isishuke. Kesho tena. Anshi, ile bapa ya tete inayotetemeka juu ya beki, chukua namba 2 au 2 na nusu, ilowanishe mdomoni kwanza, usikimbilie ngumu kwa kujionyesha. Adolphe Sax, yule Mbelgiji wa Dinant aliyebuni saksafoni na kupata hati ya uvumbuzi wake Paris mwaka 1846, alitengeneza chombo cha shaba, lakini kinahesabiwa pamoja na vyombo vya mbao vya kupuliza kwa ajili ya kipande hicho kidogo. Kikikauka au kikipasuka ncha, hakuna kidole kitakachokuokoa.

Majirani walilalamika. Katika lupango yenye familia nyingi huwezi kupuliza Si ndefu usiku na mkapendana. Watu wakanishauri nizibe mdomo wa chombo kwa nguo, lakini hiyo haisaidii sana, kwa kuwa sauti nyingi inatokea kwenye matundu yaliyo wazi, na noti za chini zinakataa kabisa. Nilitundika vitenge vya wateja kwenye kamba pande zote za chumba, nikasimama katikati. Nguo zinameza ile sauti kali. Hapo ndipo nilipojifunza, kati ya vitenge, na wateja wengine walinikuta hivyo wakacheka. Walicheka sana.

Lakini kicheko kilichoniumiza ni cha kanisani. Siku ya kwanza niliyojiunga na kwaya, kiongozi alisema tupige Fa. Nikapiga Fa. Kutoka kwenye alto, Fa hiyo inasikika La bemoli. Watu wakaziba masikio, naye akaniambia mbele ya wote nirudi kwa akina mama wanaoimba, kupuliza ni kazi ya wanaume. Alikuwa mpiga tarumbeta wa miaka mingi, alijua vizuri kwamba vyombo vyetu vinahamisha sauti, yaani noti tunayoipiga inatoka nyingine masikioni mwa kwaya. Neno moja lingetosha. Hakulisema. Lile neno nililipata baadaye kwa mzee mmoja wa fanfari, bendi ya matarumbeta, ambaye hakunidai chochote, na hadi leo nikipita karibu na kanisa lile kifua kinabana.

Leo napuliza kwenye harusi na matanga, natafutwa kwa jina, na mashine ya kushona nimeongeza kwa pesa za muziki. Nalisema kwa fahari kwa sababu nimelifanyia kazi. Kwa hiyo, dada zangu, msimngoje mtu awape ruhusa. Amka, lowanisha anshi, puliza sauti ndefu. Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi zetu za baridi zinashusha sauti ya chombo. Pulizia hewa ya moto ndani yake kwanza ndipo upime. Kisha sauti ndefu. Ukichoka kidevu, pumzika, urudi kwenye sauti ndefu. Mwenye haraka ya kupiga wimbo wa Jumapili hii atabaki na sauti ya bata miaka yote.

Na ninyi viongozi wa kwaya, mnisikilize. Mtoto anayekuja na alto aliyoinunua kwa jasho la wazazi wake ni amana mikononi mwenu. Msimwache ajikwae mbele ya watu. Andikeni ubaoni, nafasi ipo: kwaya ikiimba Do, alto apige La, tenori apige Re. Kwaya ikiimba Fa, alto Re, tenori Sol. Kwaya ikiimba Sol, alto Mi, tenori La.