Maswali ya Wasomaji: Nkambo ambaye hakuwahi kuimba

Barua tulizopokea mwezi huu hapa Lubumbashi zimeelekea karibu zote upande mmoja, nao ni huu wa akili bandia, ile programu ya kwenye simu inayojibu maswali na kutunga maandishi. Nimechagua 3. Ya pili itachukua nafasi kubwa kuliko nyingine, na sioni sababu ya kuomba radhi kwa hilo.

Papa mhariri, ninapoiandikia akili bandia kwa Kiswahili chetu cha huku, inanijibu kwa Kiswahili cha Zanzibar, na mara nyingine inaonyesha wazi kwamba haikunielewa. Je, ni yenyewe isiyo na akili, au ni sisi tusiojua Kiswahili? – Fundi wa simu, Kampemba

Ndugu fundi, kosa si lako. Mashine hiyo hujifunza lugha kwa kupitishiwa maandishi, na maandishi mengi ya Kiswahili yaliyomo kwenye intaneti yametoka Tanzania na Kenya. Kiswahili chetu ni mojawapo ya lugha 4 za taifa, pamoja na Kilingala, Kikongo na Chiluba, lakini kinaishi mdomoni zaidi kuliko kwenye karatasi, kwa kuwa mtu wa hapa akitaka kuandika jambo zito hukimbilia Kifaransa. Ukiiandikia mashine «niko nakuya», unaizungumzia lugha ya kituo cha basi, na yenyewe haijawahi kusimama kituoni.

Linganisha na mtoto wa jirani yako. Kabla ya kutimiza miaka 10, mtoto huwa hajasikia hata maneno milioni 100, ilhali mashine moja maarufu ya mwaka 2020 ilipitishiwa vipande vya maneno vipatavyo bilioni 300. Pamoja na hayo, mtoto wa Kampemba mwenye miaka 4 anajua kwamba nkambo wake, yaani bibi au babu yake, husalimiwa kwa Kibemba, mwalimu kwa Kifaransa, na wenzake wa barabarani kwa Kiswahili, wala hajasoma ukurasa hata mmoja. Amejifunza kwa sababu alikuwa na kiu na alitaka kubebwa, na aliposema vibaya alichekwa. Nakuomba uikumbuke kiu hiyo unaposoma jibu linalofuata.

Papa mhariri, mama yangu mzazi alifariki mwezi wa 6. Kwa zaidi ya miaka 30 aliuza unga wa muhindi katika soko la mtaa wa Kenya, hapa mjini. Siku ya maziko, mtoto wangu mkubwa, ambaye ni mwanafunzi wa chuo kikuu, alisoma hotuba ya kumuaga nkambo wake. Ilikuwa nzuri mno, watu walilia, na mimi nililia. Wiki 2 baadaye aliniambia mwenyewe kwamba hotuba ile ilitungwa na akili bandia, usiku wa kuamkia maziko. Nimeirudia kuisoma na kuona kwamba inamsifu mama kwa kutuimbia nyimbo jioni kando ya moto. Mama hakuimba hata siku moja. Hata kanisani alikaa kimya wengine wakiimba. Sasa sijui kama machozi yangu yaliibiwa. Ikiwa mashine inaweza kuliza watu kilioni, sisi wanadamu tumebakiwa na nini? – Baba wa watoto 4, Kamalondo

Papa, pokea kwanza pole yetu. Nitaanza na zile nyimbo, kwa sababu ndani yake mna nusu ya jibu.

Mashine iliyotunga hotuba ile hufanya kazi kwa kukadiria neno linaloelekea kufuata lingine, na makadirio hayo huyatoa katika wingi wa maandishi iliyowahi kupitishiwa. Katika maandishi hayo, nkambo wa Kiafrika huketi kando ya moto, huimba na husimulia hadithi. Nkambo anayeuza unga, asiyependa kuimba, anayewahi sokoni saa 11 alfajiri, hatokei mara nyingi vitabuni. Mtoto wako alipoomba maneno ya kumuaga nkambo, mashine ilimletea yule iliyemkuta mara nyingi zaidi. Wataalamu huliita jambo hili kuona maruweruwe, nami jina hilo silipendi, kwa kuwa mashine haikuota kitu. Wala haikudanganya, maana mwongo huijua kweli na kuikwepa, na mashine haikuwa na kweli yoyote ya kukwepa.

Mwaka 2023, mawakili 2 wa New York walipeleka mahakamani hoja zilizotaja kesi za zamani ambazo hazikuwahi kutokea; zilikuwa zimebuniwa na akili bandia, zikiwa na majina na tarehe kama kesi za kweli. Jaji aliwatoza faini ya dola 5,000. Hakuna aliyefikiria kuiita mashine kizimbani, na nadhani kila mtu, hata asiyejua sheria, anaona kwa nini.

Sasa machozi. Hayakuibiwa, papa. Jeneza lilikuwa mbele yenu, na ndani yake alilala mwanamke ambaye wengi wa waliokuwapo walikula unga wake. Kila mmoja alikuja na picha yake ya mama yako moyoni, na maneno ya hotuba yakawapa tu nafasi ya kumlilia pamoja. Ninaamini kwamba siku ile hata hotuba mbovu ingewaliza.

Katika sehemu ya barua yako ambayo sikuichapa, unasimulia jinsi mama alivyopima. Alijaza kopo, akalisawazisha kwa kipande cha ubao, kisha akaongeza matabishi, yaani nyongeza ya bure, kwa kiganja. Mteja wa kawaida alipata kiganja kimoja. Kulikuwa na mama mmoja ambaye mume wake alikuwa ameachishwa kazi. Huyo alipata viganja 2, na kila mara mama yako alipovimimina alikuwa akitazama pembeni, kama mtu anayemtafuta mtu mwingine sokoni, ili mwenzake asione haya. Niliposoma mistari hiyo niliweka barua mezani kwa muda. Hotuba nzima ya mtoto wako haina sentensi yenye uzito wa jicho lile lililotazama pembeni.

Hata hivyo, nisikudanganye ili kukufariji. Mtoto wako angeiambia mashine habari ya kiganja cha pili, ingeiandika, na huenda ingeiandika vizuri kuliko mimi. Wapo wanaosema kwamba mashine haitaweza kamwe jambo hili au lile, na historia imewaaibisha mara nyingi. Mwaka 1843, mwanamke Mwingereza Ada Lovelace aliandika juu ya mashine ya kukokotoa iliyobuniwa na Charles Babbage kwamba haina dai la kuanzisha chochote, ila hutenda yale tunayojua kuiamuru. Mwaka 1950, mwanahisabati Mwingereza Alan Turing alimjibu kwamba mashine humshangaza yeye mara kwa mara. Kisha watu wakajificha kwenye sataranji, hadi mwaka 1997 bingwa wa dunia Garry Kasparov aliposhindwa na kompyuta ya Deep Blue. Wakahamia kwenye go, mchezo wa ubaoni uliosemekana kuhitaji hisia za binadamu, na mwaka 2016 huko Seoul bingwa wake Lee Sedol akafungwa na programu ya AlphaGo michezo 4 kwa 1. Anayeweka heshima ya mwanadamu juu ya jambo ambalo mashine haliwezi leo amejenga nyumba kando ya mto wakati wa kiangazi.

Kwa hiyo sitautafuta upekee wetu katika ufundi wa maneno. Nautafuta katika lile kopo. Kila kiganja cha matabishi kilimpunguzia mama yako unga, na unga ule ulikuwa karo ya shule, pengine karo yako wewe. Alitoa kitu ambacho kilikuwa na mwisho, naye mwenyewe alikuwa na mwisho, kama tulivyoona mwezi wa 6. Mashine ikikuandikia maneno ya upole, haipungukiwi na chochote. Ikimwandikia mwingine maneno yale yale dakika hiyo hiyo, hakuna kati yenu aliyenyimwa. Haichoki wala haina mahali pengine ilipopaswa kuwa. Umeme hutumika na fedha hutumika, hilo ni kweli, lakini mwenye kulipa ni mtu mahali fulani.

Tazama pia kile kilio chenyewe. Kwa baridi ya mwezi wa 6 hapa kwetu, watu walilala uani juu ya mikeka. Wanawake waliopika bukari, yaani ugali, usiku kucha walikuwa na kazi zao asubuhi. Na bila shaka palikuwa na mtu mwenye daftari, akiandika nani ameleta nini, maana kesho kilio kitakuwa kwa mwingine na wewe utatakiwa kwenda. Wageni hulicheka daftari lile, wakidhani kwamba tunafanya biashara juu ya maiti. Mimi naliona kuwa ndilo andiko la kweli zaidi katika kilio chote. Linasema kwamba aliyekuja ana deni lako nawe una deni lake, kwa kuwa nyote 2 mtakufa na nyote mna watu watakaobaki. Jina la mashine haliwezi kuandikwa humo. Haina kilio cha kesho cha kutegemea watu, wala haina jina la kupoteza isipofika.

Kuhusu mtoto wako, simhesabu kuwa mwizi. Usiku wa kuamkia maziko ni mrefu, na kijana anayeogopa kusimama mbele ya wazee hushika kilicho karibu. Zamani tulimwomba katekista au mwalimu atuandikie, tukasoma maneno yake kana kwamba ni yetu, na hakuna aliyeshtuka. Lakini katekista alimjua marehemu. Kama angeandika kwamba aliimba, shangazi mmoja angemkatiza palepale. Kilichonisumbua katika habari yako ni kwamba siku ile hakuna aliyekatiza. Watu wote walijua kwamba mama haimbi, na wote walinyamaza kwa sababu maneno yalikuwa matamu. Hilo si kosa la kijana peke yake.

Itakapofika siku ya kuondoa kilio, mpe nafasi asimame tena, bila karatasi, kwa Kiswahili cha nyumbani. Asimulie habari ya kopo. Akikwama, mwacheni akwame.

Mheshimiwa mhariri, binti yangu ana miaka 16. Kila usiku anaongea na akili bandia kwenye simu, na juzi aliniambia kwamba inamwelewa kuliko sisi wote nyumbani. Je, kitu hicho kinaweza kweli kumhurumia mtu? Nimnyang'anye simu? – Mama, Katuba

Mama, jambo hili ni la zamani kuliko simu ya binti yako. Mwaka 1966, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Joseph Weizenbaum alitangaza programu aliyoiita ELIZA, iliyojifanya mganga wa nafsi. Haikuwa na ujuzi wowote. Ukiiandikia kwamba una huzuni, ilichukua maneno yako, ikayageuza kidogo, ikakurudishia kama swali. Karani wake alikuwa amemwona akiitengeneza kwa miezi mingi na alijua vizuri kwamba ni programu tu. Hata hivyo, baada ya kuongea nayo kidogo, alimwomba Weizenbaum atoke chumbani ili wabaki faragha. Weizenbaum, ambaye utotoni familia yake iliikimbia Ujerumani ya Hitler, alishtushwa na jambo hilo kiasi kwamba alitumia sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki kuonya watu wasizikabidhi mashine kazi za moyo.

Mashine za leo zinaipita ELIZA mbali sana. Zinakumbuka ulichosema na zinajibu kwa ustadi, lakini sioni sababu ya kuamini kwamba zinahurumia. Zinaandika maneno ya huruma kwa kuwa wanadamu wengi waliyaandika kabla yake, wengine wakiwa na huruma ya kweli walipoyaandika. Huzuni ya binti yako, kwa upande wake, ni ya kweli kabisa, na anayoyaandika usiku huenda ndiyo asiyoweza kuyasema mchana.

Kwa hiyo usimnyang'anye simu; utamfundisha tu kuificha. Jiulize kwanza mashine inampa nini. Haimkatizi, haimwambii kwamba imechoka, haimlinganishi na dada yake, na haitapeleka habari zake kwa shangazi. Katika hayo, sisi wazazi tunashindwa mara nyingi, na mimi mwenyewe nimewahi kumwambia mtoto wangu aniache nilale wakati alipokuwa na jambo la kusema. Ukisikia kwamba anazungumzia kujidhuru, usingoje hata siku moja: mpeleke kwenye kituo cha afya, au kwa mtu mzima anayemwamini, na ukae naye huko.

Kama si hivyo, chagua usiku mmoja wiki hii. Najua kwamba unaamka mapema kwenda kazini na kwamba usingizi wako ni mfupi. Kaanga karanga, kaa naye jikoni baada ya wengine kulala, na usianze kwa kumwuliza habari za simu.