Stakabadhi ya 360,360

SWALI: Shikamoo mwalimu. Korosho zangu kilo 156, kila kilo 2,310, zimenipa shilingi 360,360. Binti yangu anasema inagawanyika kwa kila namba, 1 hadi 15. Kweli?
Mama, Newala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kweli kabisa, nami nimeifurahia hadi nikaiandika kwa chaki mlangoni! Ni 360 mara 1,001. Na 1,001 ni 7 mara 11 mara 13. Ndiyo maana ukirudia tarakimu tatu zozote, mfano 482,482, 7, 11 na 13 huigawa bila baki. Namba 5, 8 na 9 zimo ndani ya 360. Kumbe stakabadhi yako ndiyo KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika) ya 1 hadi 15, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa kila moja! Kwa 16 inabaki 8. Vigawo vyake ni 192. Binti avitafute, aanze na zile kilo 156.